Mwaka Aliopona Perusi

Mwezi uliopita tulimzika mdogo wangu Perusi kule Butiama, siku ya Jumatano, na mpaka leo magoti yangu hayajanirudia. Uzee hauna adabu. Unakaa kwenye kiti cha plastiki saa tano ukisikiliza salamu za rambirambi, na ukinyanyuka unakuta mwili umebaki kitini. Mwongoza ratiba alisoma historia ya marehemu kwenye karatasi, akafika pale nilipojua atafika, akapandisha sauti. Marehemu alikuwa na kifafa, Bwana akamponya kwenye mkutano wa Bunda akiwa binti wa miaka kumi na tisa, na tangu siku ile mpaka anafumba macho hakuanguka tena. Watu walipiga vigelegele msibani, haki ya Mungu. Mimi nikatazama mikono yangu. Kesho yake, Alhamisi, mjukuu wake Neema, mtoto wa miaka sita aliyekuwa akilala na bibi na kulishwa na bibi, akaanguka jikoni kando ya mafiga, mkono ukagusa sufuria ya maharage. Miaka miwili alikuwa hajaanguka. Bibi alimwombea akapona, ndivyo tulivyoambiwa sote. Sasa wanawake pale uani wakaanza kunong'ona kwamba upako wa bibi umeondoka naye, atafutwe mhubiri upesi. Na mimi nikaambiwa kwamba Jumamosi, kwenye ibada ya shukrani, nisimame nitoe ushuhuda wa ule muujiza wa Bunda, kwa kuwa ndimi pekee niliyebaki kati ya waliokuwepo. Nilikuwepo, ndiyo. Nikisema yote, namvua mdogo wangu nguo mbele ya watu waliomzika juzi tu. Nisiposema, yule mtoto ataanguka tena, na safari nyingine haitakuwa maharage, utakuwa moto wenyewe.

Ijumaa nzima nilikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba tukichambua mchele, masikio yangu yako na wenzangu, akili yangu iko Musoma, Kigera, kwenye nyumba ya Mista Piya. Ulikuwa ule mwaka watu walianza kusema ruksa kabla vitu vyenyewe havijafika. Rafu za maduka bado zilikuwa tupu na wauzaji wanapiga miayo nyuma ya kaunta, ila sokoni marobota ya kwanza ya mitumba yalikuwa yameshaanza kufunguliwa, na sabuni ya kutoka Kenya ilikuwa inauzwa mchana kweupe na watu walewale waliokuwa wakiificha mwaka uliotangulia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mimi na Perusi tulikaa chumba cha uani, mimi nikipika na kufua kwa Mista Piya, naye akinisaidia siku ambazo ugonjwa ulimruhusu. Jina lake kamili lilikuwa Piyadasa. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma kwenye kiwanda cha nguo, ametoka Siloni, nchi ambayo yeye mwenyewe aliiita Sri Lanka na mtaa mzima ukaendelea kumwita Mhindi. Alichoka kusahihisha. Mashine zake zilikuwa zinasimama moja moja kwa kukosa vipuri, na hizo nguo za mitumba zilipoanza kuingia akaniambia, huku anavua viatu mlangoni, kwamba sasa kazi yake ni kwenda kuzitazama mashine na kuziaga.

Kiswahili chake alikitoa sehemu mbili: Biblia yangu, kwa kuwa ndicho kitabu pekee cha Kiswahili kilichokuwa ndani ya nyumba ile, na wafumaji wa kiwandani. Kwa hiyo alikuwa anaweza kusema “amin nakuambia” na “nilikuwaga najua” kwenye pumzi moja, tukacheka hadi mbavu zikauma. Chakula hakikumsumbua. Tulikula ugali wa mahindi ya njano, ile yanga ambayo harufu yake ilikaa mikononi hata ukiosha kwa majivu, na dagaa aliowakaanga mwenyewe kwa pilipili nyingi mpaka jirani yetu Mzee Athumani, fundi cherehani, akapiga chafya upande wa pili wa ukuta na kuuliza kama tunafukuza nyoka. Kila mwezi ukipevuka Mista Piya alivaa nguo nyeupe, hakugusa chakula baada ya saa sita mchana, akaketi kwenye mkeka barazani macho kayafumba nusu. Mtaani wakasema anaabudu mwezi. Mzee Athumani, ambaye hakukosa swala hata moja, alisema hiyo dini haielewi na sanamu zake hazitaki, lakini katika wapangaji wote wa barabara ile ni huyo tu aliyemrudishia pasi siku aliyosema ataileta. Na alivuta sigara, Mista Piya, moja baada ya nyingine, akijua vizuri zinamfanya nini kifuani.

Perusi alianguka tangu akiwa mdogo. Kilianza kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kinatetemeka peke yake kama kinagonga mlango, kisha mkono mzima, kisha anakuwa chini. Kwetu mtu wa kifafa hashikwi akiwa ameanguka, watu wanaogopa lile povu, kwa hiyo kumshika ilikuwa kazi yangu. Bega lake la kushoto lilikuwa na kovu la moto la ukubwa wa kiganja. Hospitali ya Musoma walimpa vidonge vidogo vyeupe, na alipovimeza bila kukosa alikaa miezi hajaanguka, ila katika nchi ile ya foleni kidonge nacho kilipotea kama sukari. Ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu. Kila kilichopatikana tulikigawa mara mbili na kukificha sehemu mbili: sabuni nusu huku, nusu kule, unga vilevile, vidonge vilevile. Nusu moja ilikaa chumbani kwetu, nusu nyingine kwenye kabati la Mista Piya nyuma ya majani yake ya chai. Ningekuwa mtu wa nyakati za neema nisingekuwa na akili ile.

Basi ukatangazwa mkutano wa Bunda. Mhubiri alitoka mbali, spika nne, jenereta yake mwenyewe. Viwete walikuwa wanatembea, watu walisema, na vipofu wanaitwa kwa majina yao. Perusi akaniomba tufunge siku tatu kabla ya kwenda, hakuna chakula, hakuna maji mchana, na mimi kwa upendo na kwa ujinga nikakubali, wala haikunipitia akilini kwamba mtu anayefunga hamezi vidonge. Tulifika uwanjani pale Bunda kabla ya adhuhuri, vumbi limetanda, watu wameketi kwenye kanga zao mpaka barabarani. Mbele ya jukwaa waliweka karai kubwa. Mwenye hirizi aitupe humo, mwenye dawa ya mganga aitupe, na mwenye dawa ya hospitali pia aitupe kama ana imani, kwa sababu, yule bwana alisema, ukishapokea uponyaji halafu ukaendelea kumeza vidonge unamwita Mungu mwongo. Perusi akatoa bahasha yake kifuani, akaitupa pamoja na kadi ya kliniki. Nikamwona anapanda jukwaani. Mhubiri akamwekea mkono kichwani, na mimi, nikiwa chini umbali wa hatua kama ishirini, nikaona kidole cha shahada kinaanza.

Nilijua. Hata leo mtu asiniambie sikujua. Mkono ukapinda, macho yakageuka, akaanguka kama alivyokuwa akianguka siku zote jikoni kwetu. Nilipiga kelele nimshike, wahudumu wakanizuia kwa upole, wakisema, “Dada mwache, linatoka.” Na uwanja mzima ukaimba. Yule mhubiri alikuwa anahesabu mapepo kwenye kipaza sauti na watu wanaitikia, huku mdogo wangu anapigiza kisogo kwenye mbao. Kisha akalala ule usingizi mzito unaofuata, wakamfunika kanga nyeupe. Alipozinduka akaulizwa anajisikiaje, akasema amechoka, lakini mwili ni mwepesi. Ni kweli, siku zote baada ya kuanguka alisema mwili ni mwepesi. Watu elfu wakalia kwa furaha, na mimi nikalia nao. Nilitaka sana iwe kweli. Mtu asiyelala miaka kumi akisikilizia kishindo cha mdogo wake kuanguka, akiambiwa imekwisha, atalia tu.

Kwenye lori la kurudi Musoma Perusi alilala begani kwangu, nikakitazama kile kidole njia nzima. Jumanne yake nikachukua kidonge kimoja kabatini kwa Mista Piya, nikakisaga kwa mgongo wa kijiko, nikakitia kwenye uji wake wa ulezi wa jioni. Nilijiambia ni cha siku moja tu, mpaka nione. Siku ya pili nikajiambia hivyohivyo. Yeye sasa alikuwa anafunga karibu kila siku kulinda uponyaji wake, kwa hiyo uji wa jioni haukumpita, na uchungu wa dawa niliuficha kwa ndimu. Wiki zikaenda, hakuanguka. Wakaanza kumwita kwenye mikutano atoe ushuhuda, leo Buhemba, wiki ijayo Butiama, na huko Butiama ndiko alikompata Magesa, mwimbaji wa kwaya, kijana mpole mwenye sauti nzito, ambaye mama yake asingekubali kamwe amwoe mwenye kifafa lakini akapiga magoti amwoe aliyeponywa. Posa ikaja. Harusi ikapangwa baada ya mavuno. Ndipo nikaelewa nimejichimbia shimo gani. Perusi akiwa Kigera, mimi nipo na kijiko changu. Akishakuwa Butiama kwenye jiko la mama mkwe, nani atamsagia?

Vidonge vya kabatini vilipokwisha nilimwomba Mista Piya aniombee vingine kwenye zahanati ya kiwanda, ambako watu wa nyumbani kwa mfanyakazi walitibiwa. Akasema, “Nitaomba. Ila nikiulizwa ni vya nani, nitasema.” Hawakumuuliza. Siku alipovileta alinikuta jikoni na kijiko, Perusi akiwa bado hajarudi kutoka maombini, akaketi kwenye kigoda akawasha sigara kwa kijinga cha moto. Nikamuuliza kwa sauti ya kugombana, maana nilikuwa natafuta mtu wa kugombana naye, “Nyie kwenu mnaamini miujiza?”

“Tunayo mingi,” akasema. “Kwetu kuna watakatifu walikuwaga wanapita ukutani, wanakaa hewani. Vitabu vimejaa. Hatukatai miujiza, Nyangeta. Tumeichoka.”

“Mmeichokaje?”

Akanisimulia habari ya tajiri mmoja wa zamani aliyetundika bakuli la mti wa msandali juu ya mwanzi mrefu, akasema aliye mtakatifu kweli aruke alichukue. Mwanafunzi mmoja wa Buddha akaruka, tena akaruka kweli, akalishusha, watu wakamfuata barabarani kwa makelele. Mwalimu wake aliposikia hakufurahi hata kidogo. “Alimgombeza vibaya,” Mista Piya akasema, akicheka kidogo kwa aibu. “Alimwambia amefanya kama mwanamke anayefunua nguo sokoni apewe senti. Halafu bakuli akaagiza livunjwe, lisagwe, unga wake utiwe kwenye dawa ya macho.” Nikatazama unga mweupe kwenye kijiko changu, nikazidi kukasirika.

“Kwa hiyo Yesu alikosea kuponya watu?”

“Mimi sijasema. Kitabu chenu nakisomaga kila siku, si unaniona? Kuna kitu nimekiona humo. Akimaliza kuponya mtu, mara nyingi anamwambia nyamaza, usiende kusema. Hapo ndipo nampenda. Yule wa Bunda ana spika nne.” Akavuta moshi. “Mwalimu wetu alisema miujiza ni mitatu. Kuruka na kupita juu ya maji, huo mmoja. Kujua mawazo ya mtu, wa pili. Hiyo miwili alisema inamchosha, kwa sababu asiyeamini atasema ni uganga tu, na anayeamini atataka mwingine kesho. Wa tatu ni kumfundisha mtu mpaka aone mwenyewe. Huo ndio aliusifu.”

“Kwa hiyo unaniambia nimwambie.”

“Sikuambii. Mtu akisema amepona, mimi siulizagi ni Mungu yupi. Nauliza, hofu yake imepungua? Mwangalie mdogo wako.”

Nikamwangalia wiki ile, kwa macho mengine, na sikupenda nilichokiona. Perusi wa zamani aliogopa kuanguka, basi. Perusi aliyeponywa aliogopa kila kitu: kukasirika, kucheka sana, kuota vibaya, kukutana na mtu asiyeamini. Ule mkono wa kulia aliuficha ndani ya kanga ili kidole kisimwonyeshe kitu. Akitoka jukwaani kutoa ushuhuda alikuwa amelowa jasho mpaka miguuni. Na mimi nilikuwa ndiye ninayemtunzia hofu hiyo, kila jioni, na ndimu juu yake.

Nilimwendea Mista Piya nikamwambia ni rahisi kwake kuongea, yeye hajawahi kumshika mtu wake akitapatapa chini. Maneno yakishatoka hayarudi. Kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na uzi mweupe uliochakaa, ambao siku zote nilidhani ni urembo wa kwao. Akaniambia alifungwa uzi huo na watawa wa kwao siku anaondoka, wamesoma maneno juu yake na juu ya maji akanywa. Kwao mgonjwa anasomewa usiku kucha. “Kwa hiyo na nyie mnayo maombezi,” nikamwambia. “Tunayo. Uzi ni uzi tu. Lakini nikiushika nasikia sauti ya mama yangu, natulia.” Kisha akaniambia kuhusu mtoto wake wa kiume, ambaye polio ilimnyonya mguu akiwa na miaka minne. Mke wake, Mbudha, binti wa Wabudha, alimbeba mtoto akampeleka kwenye kanisa la Wakatoliki lenye mtakatifu anayesifika kwa miujiza, akapanga foleni na Wahindu na Waislamu na wote wenye watoto, akawasha mshumaa. “Mimi nilimcheka,” akasema. “Mguu haukupona. Lakini mke wangu usiku ule alilala, mara ya kwanza baada ya mwezi. Mimi mwenye akili nilikaa macho. Kwa hiyo mishumaa siichekagi tena. Ila mtoto tulimtengenezea gongo la kutembelea, Nyangeta, na hatukumwambia ana miguu miwili.”

Nikamwomba samahani, akanipa dagaa nichambue.

Zilibaki siku tisa harusi ifike. Jumatatu jioni, jua bado lipo, nikampikia Perusi uji, nikaumimina kwenye kikombe, na kidonge nikakiweka kizima mezani kando yake. “Hiki kimekuwa ndani ya uji wako tangu Bunda,” nikamwambia. Sikuzunguka. Ningezunguka nisingefika.

Akakitazama. “Tangu lini?”

“Tangu Jumanne ile.”

“Kila siku?”

“Kila siku.”

“Nani anajua?”

“Mimi na Mista Piya.”

“Mhindi!” akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. “Umemwambia yule wa sanamu kabla yangu!” Akachukua kikombe akaumwaga uji mlangoni, kuku wakakimbilia. “Una wivu. Miaka yote nilikuwa mgonjwa wako, sasa naolewa unakosa kazi.” Iliniuma, kwa kuwa nusu yake ilikuwa kweli. Siku mbili hakusema nami wala hakula chochote kilichopita mikononi mwangu. Alijipikia mwenyewe mihogo, akala amenipa mgongo, na mimi nikawa nahesabu saa, nikimfuata kisimani, nikimfuata chooni, nimechoka mwili na roho. Mista Piya alijaribu kumsalimia, hakuitika.

Siku ya tatu mchana tulikuwa watatu mezani, kwa kuwa mvua ilituingiza ndani. Perusi alikuwa anavunja kipande cha muhogo. Kidole kikaanza. Sote tulikiona. Alikishika kwa mkono wa kushoto akakibana, akakitazama kinavyogonga ndani ya ngumi yake, machozi yanamtiririka lakini uso umetulia, na safari ile hakikuendelea, kiliacha. Akaninyooshea kiganja. “Nipe.” Nikampa kidonge. Akakimeza kwa maji, mbele yetu. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga akasema, “Na harusi ipo palepale. Ushuhuda upo palepale. Magesa asijue, mama yake asijue. Funika kombe mwanaharamu apite, dada.”

Jumapili iliyofuata alisimama Butiama, akausema muujiza neno kwa neno kama siku zote. Na nilikuwepo. Safari hii hakutoka jasho. Nilirudi Musoma nimekasirika nikamwambia Mista Piya huo muujiza wake wa tatu sasa ameuona: mtu amefundishwa, ameona, na bado anadanganya. Alikuwa anafunga sanduku lake, mkataba ulikuwa umekwisha na kiwanda hakikuwa na haja naye tena. Akaonyesha sigara mkononi. “Kujua siyo kumaliza,” akasema. “Mimi najuaga mengi na nayafanya. Lakini sasa uongo ni wake, siyo wako. Na dawa anameza mwenyewe. Angalau kuna kitu kimekwenda kwa mwenyewe.” Halafu akaketi juu ya sanduku, mtu mzima aliyechoka, akaongeza, “Ila uongo ukipewa nyumba unazaa.” Aliondoka wiki ileile. Hakuniandikia, na mimi sikutegemea.

Mwaka huo ndio ulionifanya niwe nilivyo. Nimesali maisha yangu yote, sijaacha, na siku moja moja nimeomba muujiza kwa machozi kama kila mtu, lakini tangu Kigera mtu akiniambia amepona naangalia kwanza macho yake. Kwa Perusi nilipeleka vidonge mwaka wa kwanza wa ndoa. Mwaka wa pili akanizuia mlangoni akasema ana njia yake, nisilete tena, na hatukulizungumza jambo hilo mpaka kifo. Aliendelea kushuhudia. Alizeeka, akawa mama wa kanisa, wagonjwa wakaletwa kwake aguse. Nikajiambia hayanihusu. Hilo ndilo kosa langu, na ni kubwa kuliko la kijiko.

Ile Ijumaa ya kuchambua mchele niliinuka nikaomba ufunguo wa stoo ya Perusi, nikisema natafuta unga wa ulezi. Nikaupata. Kwenye debe la unga, chini kabisa, kulikuwa na bahasha mbili za hospitali. Moja ilikuwa na vidonge vizima. Nyingine ilikuwa na nusu nusu, vimekatwa kwa wembe kwa uangalifu, vya kumtosha mtoto. Nikakaa chini juu ya gunia. Nilimlilia mdogo wangu pale kuliko nilivyomlilia kaburini, na nilimkasirikia palepale. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameficha ya watu wawili.

Jumamosi mchungaji, kijana mzuri mwenye suti, alinipa kipaza sauti akasema mama yetu atatusimulia matendo makuu. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitika. Nikasema: “Mdogo wangu pale Bunda hakutokwa na pepo. Alianguka kama alivyokuwa akianguka nyumbani, kwa sababu alifunga siku tatu hakumeza dawa. Mimi nilimtilia vidonge kwenye uji bila yeye kujua. Baadaye akajua, akavimeza mwenyewe mpaka amekufa. Na Neema alikuwa anatiliwa na bibi yake. Nimeviona jana kwenye debe la unga. Upako haujaondoka. Aliyekuwa anampa dawa ndiye ameondoka.”

Mwanamke mmoja nyuma akasonya, akasema kaburi halijakauka, jamani, hana hata haya. Mchungaji akanyoosha mkono achukue kipaza sauti, akisema mama amezidiwa na majonzi, kwaya itusaidie. Kwaya ikaanza kusimama. Ndipo Magesa, mzee sasa, ameinamia fimbo yake kwenye kiti cha mbele, akainua mkono bila kuinua uso. “Kwaya kaeni,” akasema kwa ile sauti nzito. “Mwacheni shemeji amalize.” Hakuwa na mshangao hata chembe. Nikamtazama, akakataa kunitazama.

Nilikuwa nimeshamaliza. Nikasimama tu, nikisubiri watu wanifukuze. Katikati ya wanawake, Rebeka, binti wa Perusi, mama yake Neema, akanyanyuka na mtoto kiunoni, mkono wa mtoto umefungwa kitambaa. Nilidhani anakuja kunitukana, na ningestahili. Akasimama palepale alipo.

“Mama mkubwa,” akasema, “alikuwa anampa asubuhi au jioni?”

“Jioni, mwanangu,” nikasema kwenye kipaza sauti, wote wakisikia. “Nusu. Baada ya kula.”